Henry Fonda: Mtoto wa Omaha aliyetufunza kushuku

Kila mwaka huwaonyesha wanafunzi wangu wa isimu filamu moja kongwe, isiyo na rangi, isiyo na farasi wala bunduki. Mwanzoni hunung'unika. Baada ya nusu saa hakuna hata anayekohoa. Filamu hiyo ni 12 Angry Men ya mwaka 1957, na mtu aliyevaa suti nyeupe ndani yake ni marehemu Henry Fonda. Naamini kwamba uigizaji wake humo haueleweki barabara bila kuyajua maisha yake.

Fonda alizaliwa Mei 16, 1905 katika jimbo la Nebraska, Marekani, akalelewa mjini Omaha ambako babake alikuwa na matbaa iliyoelekeana na mahakama. Usiku wa Septemba 28, 1919, umati wa Wazungu uliizingira mahakama hiyo ukimtaka Will Brown, Mwafrika-Mmarekani aliyeshtakiwa kumshambulia mwanamke mweupe. Jengo lilitiwa moto. Meya aliyejaribu kuwazuia nusura anyongwe. Brown alitolewa, akanyongwa, akapigwa risasi na maiti yake ikachomwa. Kijana Fonda, mwenye umri wa miaka 14, aliyashuhudia hayo dirishani pa matbaa pamoja na babake. Kisha mzee akaufunga mlango, nao wakarejea nyumbani kimya.

Kimya hicho, nathubutu kusema, ndicho tunachokiona baadaye usoni pake. Katika Young Mr. Lincoln ya 1939 aliigiza wakili kijana anayeuzuia umati mlangoni pa jela, kisha akawatetea washtakiwa mahakamani. Katika The Ox-Bow Incident ya 1943 ni shahidi wa watu watatu wasio na hatia wanaonyongwa na wenye hasira. Uzeeni, mnamo 1974, alipanda jukwaani kumwigiza Clarence Darrow, wakili aliyepinga hukumu ya kifo.

Hata hivyo, kilele ni ile filamu ya 1957. Iliandikwa na Reginald Rose na kuongozwa na Sidney Lumet, ambaye hiyo ilikuwa filamu yake ya kwanza ya sinema. Fonda mwenyewe alikuwa mmoja wa watayarishaji. Raia 12 wamefungiwa chumbani siku ya joto kali kuamua kesi ya kijana wa miaka 18 anayedaiwa kumuua babake kwa kisu. Wakimtia hatiani, atauawa. Katika kura ya kwanza, 11 wanasema ana hatia. Mmoja tu anakataa.

Fonda hapigi kelele. Hadai kwamba kijana hana hatia. Anadai tu kwamba hajui, na kwamba asiyejua hana idhini ya kuua. Hapo ndipo msanii huyu anapotuonyesha kwamba umati si lazima ubebe mienge. Waweza kuketi vitini, ukafungua tai na kutazama saa. Mimi mwanaisimu huvutiwa na kisa kimoja hasa: mjumbe mmoja anamdharau mshtakiwa kwa kutojua Kiingereza kizuri, kumbe sentensi yake yenyewe imevunja upatanisho wa kisarufi. Anayemsahihisha ni mhamiaji, fundi wa saa.

Filamu hiyo haikuleta faida ya haja, wala haikupata Oscar. Fonda mwenyewe alipewa tuzo hiyo ya uigizaji bora mwaka 1982, alipokuwa mgonjwa asiyeweza kuhudhuria, kwa ajili ya On Golden Pond. Bintiye, Jane, aliipokea kwa niaba yake. Alifariki Agosti 12 mwaka uo huo. Hakuwa malaika: alioa mara tano, na watoto wake walimjua kama baba baridi, mgumu wa maneno. Upole wa kwenye skrini haukufika nyumbani daima.

Je, hayo yatuhusu nini sisi Wakenya? Wakati wa ukoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa aliamuliwa na jopo la Wazungu wenzake, ilhali Mwafrika aliwekewa wazee wa baraza ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Wazee hao nao waliondolewa mwaka 2007. Lakini lipo baraza jingine lisiloondolewa na sheria yoyote: lile linalokusanyika barabarani mtu apigapo ukelele wa mwizi.

Nilipokuwa mwanafunzi, nililikuta baraza hilo karibu na kituo cha matatu. Kijana alikuwa chini, damu ikimtoka. Sikurusha jiwe. Wala sikunena. Nilikwenda zangu darasani nikaandika maelezo ya fonolojia kwa mkono uliotetemeka, na mpaka leo sijui kama kijana yule alikuwa mwizi. Ndiyo maana kila mwaka huirudia filamu ile. Wanafunzi hudhani nawafundisha lugha ya mahakama, kumbe namtazama mtu mmoja akifanya nilichoshindwa kufanya: kuinua mkono peke yake.