Satyendra Nath Bose na Elimu kwa Lugha ya Mama

Katika maadhimisho haya ya hekalu letu tunamkumbuka Satyendra Nath Bose, aliyezaliwa Kolkata mwaka 1894. Mwaka 1924, akifundisha Chuo Kikuu cha Dhaka, alimpelekea Albert Einstein makala fupi yenye njia mpya ya kuhesabu chembe za nuru. Einstein aliitafsiri kwa Kijerumani, ikachapishwa. Kisha akaiendeleza, akaonyesha kwamba atomu za gesi zikipozwa mno zitaenenda kama kitu kimoja.

Bose alifariki mwaka 1974 pasipo kuliona jambo hilo. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walilithibitisha kwa atomu za rubidi. Wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Yeye hakuipata kamwe, bali chembe ziitwazo bosoni zina jina lake.

Mwaka 1948 alianzisha chama cha kueneza sayansi kwa Kibengali, lugha ya watu wake. Watoto wetu na wa jirani zetu, Ngara na Biharamulo, husoma msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari huikuta fizikia kwa Kiingereza, na baadhi yao hukata tamaa. Basi jioni tukiwasaidia masomo, tuwaeleze kwanza kwa Kiswahili.