Harvey Cushing, daktari aliyekubali kwamba kisu peke yake hakitoshi

Mwanzoni mwa karne ya 20, mtu mwenye uvimbe ndani ya ubongo alikuwa anahesabiwa kama marehemu. Madaktari waliothubutu kufungua kichwa walikuwa wachache, na wagonjwa wengi walifia kwenye meza. Mmarekani Harvey Cushing ni mmoja wa wale waliogeuza mambo.

Alizaliwa tarehe 8 mwezi wa nne 1869 huko Cleveland, katika familia ya madaktari. Alisoma Yale, kisha akamaliza udaktari kwenye chuo kikuu cha Harvard mwaka 1895.

Cushing alikuwa anapasua pole pole, bila haraka. Alipima tansiyo ya mgonjwa wakati wa operesheni, alibana mishipa kwa vibanio vidogo vya fedha, na tangu 1926 alitumia umeme kuzuia damu, kwa kifaa cha William Bovie. Mwaka 1931 hesabu yake ya uvimbe wa ubongo ilifikia 2000.

Lakini kulikuwa na uvimbe uliomshinda. Mwaka 1925, yeye na Percival Bailey waliuelezea na kuupa jina: medulobulastoma. Ni wa nadra, unaota nyuma ya ubongo, sana sana kwa watoto. Cushing anautoa, mtoto anaamka, anarudi nyumbani. Kisha miezi inapita, ugonjwa unarudi. Kumbe chembe zake zinabebwa na maji yanayozunguka ubongo hadi chini ya mgongo, pahali kisu hakifiki. Mwaka 1930 alitoa hesabu bila kuficha: kati ya wagonjwa 61, aliyepitisha miaka 3 ni mmoja tu.

Mtu mwenye jina kubwa vile angeweza kunyamaza. Yeye na wenzake wa Boston walitazama nani anaishi zaidi, wakaona ni wale waliopigwa miale nyuma ya operesheni.

Cushing alikufa tarehe 7 mwezi wa kumi 1939, kabla ya kuona matunda yake. Mwaka 1953, huko Manchester, Uingereza, Edith Paterson na mwenzake Farr walionyesha njia: operesheni kwanza, halafu miale juu ya ubongo mzima na uti wote wa mgongo. Karibu wagonjwa wawili kati ya watatu walikuwa hai kisha miaka 3.

Ndiyo maana hata leo mgonjwa wa uvimbe kama huu anaweza kutolewa kwenye operesheni na kuambiwa safari bado inaendelea. Si kwamba daktari wa kwanza alishindwa kazi. Kisu kinatoa kile jicho linaona, miale inafuata kile kilichobaki.

Na mtoto anayeamka kila asubuhi na kichwa kinauma, anatapika, anayumba akitembea, asingojee nyumbani. Apelekwe hospitali mapema.