Jagadish Chandra Bose: Mawimbi Yasiyoonekana na Lugha ya Sayansi

1.0 Utangulizi

Historia ya mawasiliano yasiyotumia waya huelezwa mara nyingi kana kwamba ilianza na kumalizikia Ulaya. Hutajwa Heinrich Hertz, kisha Oliver Lodge, kisha Guglielmo Marconi, na msomaji huachwa adhani kwamba sehemu nyingine za dunia zilikaa zikisubiri kupokea. Maisha ya Jagadish Chandra Bose (1858-1937), mwanafizikia kutoka Bengali katika Bara Hindi, yanaisahihisha picha hiyo. Kwa wanaisimu, hata hivyo, umuhimu wake unavuka mipaka ya fizikia. Bose aliitafiti sayansi kwa Kiingereza na kuieneza kwa Kibengali. Makala haya yanafuatilia kazi zake hizo mbili kwa pamoja, ili kubainisha ni kwa kiasi gani lugha inayotumiwa kuielezea sayansi huweza pia kuwa lugha ya kuifanyia.

2.0 Malezi na Elimu

Bose alizaliwa Mymensingh, mji ambao leo umo Bangladesh, tarehe 30 Novemba 1858. Baba yake, Bhagawan Chandra Bose, alikuwa ofisa katika serikali ya kikoloni na mfuasi wa Brahmo Samaj, jumuiya iliyopigania mageuzi ya dini na jamii. Mtu wa cheo chake alitarajiwa kumpeleka mwanawe katika shule ya Kiingereza. Yeye alimpeleka kwanza katika shule ya Kibengali, kwa imani kwamba mtoto hana budi kuijua lugha yake na watu wake kabla ya kujifunza lugha ya wageni. Huko Jagadish alikaa darasani pamoja na mtoto wa mtumishi Mwislamu wa baba yake na mtoto wa mvuvi. Alipokuwa mtu mzima alieleza kwamba hadithi za ndege, wanyama na viumbe wa majini alizosimuliwa na wenzake hao ndizo zilizomtia hamu ya kuyachunguza maumbile.

Mwaka 1869 alihamia Calcutta (iitwayo Kolkata tangu 2001) na kusoma kwa Kiingereza. Katika Chuo cha St. Xavier alifundishwa na Padre Eugène Lafont, Mjesuiti aliyesifika kwa kuonyesha majaribio ya fizikia mbele ya umma. Mwaka 1880 alikwenda London kusomea udaktari, lakini maradhi yalimlazimisha kuuacha. Akajiunga na Chuo cha Christ's, Cambridge, ambako Lord Rayleigh alikuwa miongoni mwa walimu wake, na akahitimu sayansi asilia mwaka 1884.

Aliporejea mwaka 1885 aliajiriwa kufundisha fizikia katika Chuo cha Presidency, Calcutta. Mhadhiri wa Kihindi alilipwa theluthi mbili ya mshahara wa mwenzake wa Kizungu. Na kwa kuwa ajira ya Bose ilihesabiwa kuwa ya muda, kiasi hicho kilipunguzwa tena kwa nusu. Bose hakugoma. Alifundisha kwa miaka mitatu bila kuugusa mshahara huo, hadi wakuu walipomthibitisha kazini na kumlipa malimbikizo yake yote kwa kiwango kamili.

3.0 Utafiti wa Mawimbi

Hertz alikwisha kuthibitisha, katika miaka ya 1887 na 1888, kwamba mawimbi ya sumakuumeme yapo. Mwaka 1894 Lodge alitoa mhadhara juu ya kazi hiyo, na maandishi yake yakamfikia Bose. Tatizo aliloliona Bose ni la kipimo. Mawimbi marefu yanahitaji vifaa vikubwa, na hayawezi kuchunguzwa kwa usahihi katika chumba kidogo. Kwa hiyo aliamua kuzalisha mawimbi mafupi, yenye urefu wa milimita 5 hivi, ambayo yangeweza kuakisiwa na kupindwa juu ya meza kama mwanga. Chuo hakikuwa na maabara ya utafiti iliyostahili jina hilo. Bose alitumia chumba kidogo na fedha zake mwenyewe, akamfundisha fundi bati wa Calcutta kutengeneza vifaa alivyovibuni. Miongoni mwa vifaa hivyo mlikuwamo mirija ya kuongozea mawimbi na antena yenye umbo la pembe, ambavyo wahandisi wa rada na mawasiliano walikuja kuvihitaji miongo kadhaa baadaye.

Mwaka 1895, katika ukumbi wa mji wa Calcutta, alionyesha mbele ya hadhira jinsi mawimbi hayo yanavyopenya kuta na kwenda kupiga kengele na kulipua baruti. Januari 1897 alihutubia Royal Institution mjini London, akiwa na vifaa vyake vidogo mezani. Mwaka 1899 alieleza aina ya kipokezi kilichotumia chuma na zebaki. Baadaye, kwa kushinikizwa na marafiki zake Sister Nivedita na Sara Bull, aliomba hataza ya Marekani kwa kitambuzi kilichotumia galena, yaani madini ya risasi. Hataza hiyo, iliyotolewa mwaka 1904, ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kuhusu kifaa cha nusukipitishi. Bose, aliyeamini kwamba maarifa si bidhaa, aliiacha ipitwe na wakati.

Ni vyema kuepuka chumvi hapa. Kudai kwamba Bose alivumbua redio kabla ya Marconi ni kuchanganya malengo mawili. Marconi alitafuta umbali, ili ujumbe uuzwe na kununuliwa; Bose alitafuta tabia za mawimbi yenyewe. Aidha, tangu mwanzoni mwa karne ya 20 aligeukia mwitiko wa mimea, na baadhi ya hitimisho zake katika uwanja huo zilipingwa vikali na wanafiziolojia wa wakati wake. Pamoja na ubishi huo, mwaka 1920 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society.

4.0 Sayansi kwa Kibengali

Sambamba na utafiti huo, Bose aliandika kwa Kibengali. Mwaka 1896 alishinda shindano la hadithi lililodhaminiwa na mtengenezaji wa mafuta ya nywele. Katika hadithi yake, kimbunga kilichotabiriwa na wataalamu kinatoweka, na siri yake ni chupa ya mafuta ya nywele iliyomwagwa baharini na msafiri. Kichekesho hicho kinasimama juu ya kanuni ya kweli, kwamba utando wa mafuta hutuliza mawimbi ya maji. Mwaka 1911 aliongoza mkutano wa fasihi ya Kibengali huko Mymensingh, na hotuba yake ilihusu nafasi ya sayansi katika fasihi. Insha zake zilikusanywa mwaka 1921 katika kitabu Abyakta, jina linalomaanisha kisichodhihirika. Mojawapo inahusu mwanga usioonekana, yaani mawimbi yale yale ya maabara yake.

Uundaji wa istilahi ulimpa funzo chungu. Kifaa chake cha kupimia ukuaji wa mimea alikiita kwanza Briddhiman, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya ukuaji. Katika vinywa vya wageni jina hilo liligeuka na kusikika kama Burdwan, mji wa Bengali. Hatimaye aliliacha na kukiita krescografu, kwa kuunga mzizi wa Kilatini na wa Kigiriki. Neno halikushindwa kwa upungufu wa kimofolojia wala wa kisemantiki. Lilishindwa kwa sababu hadhira iliyokuwa na mamlaka ya kuidhinisha utafiti haikuwa ya wasemaji wa Kibengali.

Mgongano huo unaonekana pia katika taasisi aliyoifungua Calcutta tarehe 30 Novemba 1917. Aliipa jina la Kibengali, Basu Bijnan Mandir, yaani hekalu la sayansi la Bose, na mihadhara yake ilikuwa wazi kwa umma. Ripoti za utafiti wake, hata hivyo, zilichapishwa kwa Kiingereza.

5.0 Hitimisho

Bose alifariki Giridih tarehe 23 Novemba 1937. Alithibitisha kwamba Kibengali kiliweza kuyabeba mawazo ya fizikia bila kuyapunguza uzito, lakini hakuweza peke yake kukifanya kiwe lugha ya maabara. Kazi hiyo ilihitaji shule, majarida na chama cha wataalamu. Mwanafunzi wake, Satyendra Nath Bose, alilitambua hilo. Mwaka 1948 alianzisha Bangiya Bijnan Parishad, jumuiya ya sayansi kwa Kibengali, pamoja na jarida lake Jnan o Bijnan. Mwandishi mmoja mwenye kipaji huweza kuonyesha uwezo wa lugha. Kuutumia uwezo huo kila siku ni jukumu la taasisi.