RUDOLF DIESEL: MTOTO WA FUNDI ALIYETUACHIA DIZELI

Ukivuka feri ya Likoni ukaifuata barabara ya Shelly Beach hadi ufuoni, utaziona meli kubwa kubwa zikiingia bandari ya Kilindini. Mimi huenda pale jioni na nyanya yangu, kwa sababu upepo wa bahari humpa nafuu. Nyanya ana pumu. Tukiwa kule kwenye feri, malori na matatu yamepanga foleni yananguruma, yeye huziba pua kwa leso na kunivuta mkono tupite haraka.

Siku moja akaniuliza ni nani huyo aliyeileta dizeli duniani. Nilikosa jibu, na mimi ndiye nasoma fizikia kila wiki! Aibu iliyonipata si ndogo. Nikaenda kutafuta vitabuni, na haya ndiyo niliyoyapata.

Dizeli ni jina la mtu. Rudolf Diesel alizaliwa tarehe 18 Machi 1858 mjini Paris, Ufaransa. Wazazi wake walikuwa Wajerumani. Baba yake alikuwa fundi wa bidhaa za ngozi, na pesa nyumbani hazikuwa nyingi. Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Ujerumani, Wajerumani wakafukuzwa Paris, na familia ikakimbilia London. Maisha huko yalikuwa magumu. Rudolf, mtoto wa miaka kumi na miwili tu, akatumwa Augsburg, Ujerumani, akae na jamaa zao. Mwenyeji wake alikuwa mwalimu wa hisabati, na hapo kijana akayapenda masomo kama samaki apendavyo maji.

Alipomaliza shule, wazazi walitaka aanze kazi awasaidie. Lakini alikuwa amepita vizuri sana hata akapewa ufadhili wa kusoma katika chuo cha ufundi cha Munich, akaenda. Wenzangu wa kidato cha tatu, jambo hili tunalijua. Wangapi kati yetu wanaambiwa nyumbani waache shule wakatafute vibarua?

Huko Munich alifundishwa na Profesa Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya kutengeneza barafu. Mwaka 1878, katika somo moja, profesa alieleza kwamba injini ya mvuke hutumia sehemu moja tu katika kumi, au hata chini ya hapo, ya joto la makaa yake. Ni kama mama anunue magunia kumi ya makaa, tisa yapeperushwe na upepo, apikie moja! Diesel hakulisahau somo lile. Aliandika wazo lake pembeni mwa daftari, kwamba lazima iweko injini isiyotupa mali namna hiyo.

Mwaka 1879 aliugua homa ya matumbo akakosa mtihani. Hakukata tamaa. Akingojea mtihani mwingine alikwenda kufanya kazi katika kiwanda cha Sulzer kule Uswisi, akajichafua mikono kwa grisi. Mwaka 1880 akafanya mtihani na kupata alama za juu kabisa. Kisha profesa wake akamwajiri katika kazi ya mitambo ya barafu mjini Paris. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, wakajaliwa watoto watatu.

Sasa tulitazame wazo lenyewe. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, kisha pampu kwa nguvu. Utaona pampu inapata moto. Hewa ikibanwa hupata joto. Diesel aliwaza kuibana hewa ndani ya silinda mpaka iwe moto kabisa, halafu mafuta yanyunyiziwe ndani yawake yenyewe bila cheche. Mwaka 1893 alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake.

Lakini wazo la daftarini halisukumi gari. Diesel hakuwa na kiwanda wala pesa. Akawaandikia wenye viwanda, na mwaka huo huo kiwanda cha mitambo cha Augsburg, chini ya mkurugenzi Heinrich von Buz, kikakubali kumjengea injini, na kampuni ya Krupp ikaingia pia. Kiwanda hicho cha Augsburg baadaye kikawa kampuni ya MAN, jina ambalo hata leo limebandikwa usoni mwa malori.

Kazi haikuwa rahisi, ati. Jaribio la kwanza, Agosti 1893, kifaa cha kupimia nguvu kilipasuka, na Diesel angeweza kuuawa pale pale. Tarehe 17 Februari 1894 injini ikazunguka yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi. Wakaifungua, wakaibadilisha, wakaijaribu tena. Shida kubwa ilikuwa namna ya kuyapeleka mafuta ndani yachanganyike sawasawa na hewa. Mwishowe waliyapuliza kwa hewa iliyobanwa, yakawa kama umande.

Tarehe 17 Februari 1897 ilikuwa siku ya hukumu. Profesa Moritz Schröter wa chuo kile kile cha Munich alikuja Augsburg kuipima injini. Yeye si mwenye kiwanda, basi hakuwa na sababu ya kuipendelea. Alipata kwamba imegeuza asilimia 26.2 ya joto la mafuta kuwa kazi. Injini za mvuke zilikuwa mbali nyuma. Tazama basi: wazo lilitoka darasani, likatengenezwa kiwandani, likapimwa na mtu wa chuo. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1900, injini moja ya aina hii iliendeshwa kwa mafuta ya njugu karanga, na wengi waliotazama hawakugundua tofauti. Mwaka 1912 Wadenmaki walizindua Selandia, meli kubwa ya bahari kuu iliyokwenda kwa dizeli. Hizo meli tuzionazo Shelly Beach ni wajukuu zake.

Diesel mwenyewe hakufaidi sana. Alipata mamilioni, lakini kesi za hataza, maradhi na biashara mbaya zikammaliza, akabaki na madeni. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Alikula chakula cha jioni, akaingia chumbani, na asubuhi hakuonekana. Kitanda hakikuwa kimelaliwa. Siku chache baadaye maiti yake ilionekana baharini, na mwanawe akavitambua vitu vilivyotolewa mfukoni. Wengi huamini alijitupa mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 55.

Nilipomsimulia nyanya alisikitika, kisha akauliza tena: na huu moshi je? Kweli, hapo ndipo penye kazi iliyobaki. Mafuta yasipochanganyika vizuri na hewa hayaungui yote, hutoka masizi meusi. Ukizidisha joto ili yaungue, naitrojeni ya hewani huungana na oksijeni kuwa gesi inayowasha mapafu. Ukipunguza hili, lile laongezeka. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani kwa binadamu.

Kuumaliza pia kunataka chuo na kiwanda pamoja, kama zamani, na mpimaji asiyependelea. Mwaka 2013 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, walitia vipimo ndani ya magari ya dizeli wakayaendesha barabarani. Gesi iliyotoka ilizidi mno ile iliyopimwa karakanani. Mwaka 2015 kampuni ya Volkswagen ikakiri kwamba ilitia ujanja ndani ya magari kama milioni 11 duniani. Bila watu wa chuo, nani angejua?

Kwetu nako hatua imepigwa. Tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika sehemu milioni, kwa sababu salfa nyingi huharibu vichujio vya moshi. Lakini mafuta safi ndani ya injini isiyotunzwa bado hutoa wingu. Chujio la hewa likiziba au nozeli ikichakaa, moshi ni ule ule.

Chuo cha Munich siku hizi kwa kifupi huitwa TUM. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kule Tudor, nacho huitwa TUM! Mimi naona si bure. Ningependa siku moja wanafunzi wa Tudor na mafundi wa gereji zetu za Likoni wakae pamoja, huyu na kipimo, yule na spana, wapime matatu moja baada ya nyingine. Nami, Mungu akipenda na nikifaulu hisabati, niwe mmoja wao.

Hapo nyanya atavuka feri bila leso puani.