Daktari Robert Mayer wa Heilbronn

Daktari Robert Mayer alizaliwa Heilbronn, Ujerumani, mwaka 1814. Mwaka 1840 alikwenda Java, akiwa daktari wa merikebu. Alipowatoa mabaharia damu aliiona nyekundu kupita kawaida. Akawaza sana juu ya joto la mwili, na mwaka 1842 akatangaza ya kuwa nguvu haipotei, hugeuka tu. Wenye elimu hawakumjali. Nyumbani akafiwa na watoto. Mwaka 1850, kwa uchungu wa moyo, alijitupa dirishani, asife. Akafungiwa pamoja na wagonjwa wa akili hata mwaka 1853. Je, aliacha uganga? La, alirudi kuwatibu watu wa mji wake, ijapokuwa ugonjwa ulimrudia. Mwaka 1871 Waingereza walimpa nishani ya Copley. Akafariki mwaka 1878. Basi sisi walimu tusimhesabu mgonjwa wa akili kuwa hafai kazi.