Alberto Burri: Daktari aliyegeuza gunia kuukuu kuwa sanaa

GUNIA likishararuka, wengi wetu hulitupa ama kulitandika mlangoni ili wageni wafutie matope. Alberto Burri, daktari wa Italia aliyegeuka kuwa mchoraji, alilishona, akaliwamba kwenye fremu na kulitundika ukutani. Leo magunia yake yamehifadhiwa katika majumba makuu ya sanaa duniani.

Burri alizaliwa Machi 12, 1915, katika mji mdogo wa Città di Castello, eneo la Umbria. Babake alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo na mamake mwalimu. Alisomea udaktari mjini Perugia na kuhitimu mnamo 1940, mwaka ambao nchi yake ilijitosa katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Aliingia jeshini kama tabibu. Mnamo Mei 1943, majeshi ya Italia na Ujerumani yaliposhindwa nchini Tunisia, alitekwa na kusafirishwa hadi kambi ya wafungwa wa vita ya Hereford, jimbo la Texas, Marekani. Huko alikataa kutia saini hati ya kushirikiana na waliomteka.

Ni katika kambi hiyo ambapo daktari huyo alianza kuchora. Mojawapo ya kazi zake za wakati huo, ya mwaka wa 1945, inaonyesha tu mandhari ya Texas jinsi alivyoyaona akiwa kifungoni.

Aliporejea nyumbani mnamo 1946, alikuta Italia imefukarishwa na vita. Nduguye mdogo alikuwa amefia vitani nchini Urusi. Burri hakurudi tena kwenye udaktari. Alihamia Roma, na mwaka uliofuata akafanya maonyesho yake ya kwanza.

Punde rangi za kawaida zikawa hazimtoshi. Mnamo 1948 alianza kupaka lami. Mnamo 1950 alifunga matawi ya miti nyuma ya kitambaa cha kuchorea, picha ikafura kama mgongo wa kibyongo. Kisha akayageukia magunia, yakiwemo yaliyokuwa yamebeba chakula cha msaada kutoka Marekani.

Mchoraji wa kawaida huwa na kitu anachokiiga. Burri alianza na gunia lenyewe. Alitazama lilipochakaa, lilipotoboka na lilipotiwa kiraka, kisha akaamua pa kushona, pa kuacha tundu wazi na pa kuweka rangi nyekundu au nyeusi. Jicho na mkono ndivyo vilivyomwelekeza.

Baadaye alishika moto. Alichoma karatasi, mbao na plastiki kwa mwali wa gesi. Plastiki ilipoanza kuyeyuka, ilimbidi aamue papo hapo, kwani kuchelewa kidogo kungeharibu kazi nzima.

Hata hivyo, si kila mtu aliyefurahishwa. Gunia lake kubwa lilipoonyeshwa katika jumba la kitaifa la sanaa jijini Roma, lilizua mjadala mkali hadi bungeni mnamo 1959. Kwa waliomkosoa, huo ulikuwa uchafu, wala haukustahili kuitwa sanaa.

Waliompenda nao walisema kwamba gunia lililoshonwa ni kidonda, na uzi ni ule wa daktari wa vita. Burri alipinga tafsiri hiyo maishani mwake. Alishikilia kuwa alichotafuta ni umbo, rangi na mizani, na kwamba kazi zake hazikuhitaji maelezo.

Katika miaka ya 1970 alianza kuchanganya udongo mweupe na gundi, akauacha mchanganyiko huo ukauke na kupasuka. Wazo hilo alilipata katika jangwa la Death Valley, California, ila yeyote aliyewahi kuona bwawa lililokaushwa na kiangazi anaijua sura hiyo.

Nyufa hizo ndizo zilizomfikisha Gibellina, kisiwani Sicily. Mji huo ulibomolewa na tetemeko la ardhi Januari 1968, na manusura wakajengewa mji mpya kilomita kadhaa kutoka hapo. Meya, Ludovico Corrao, aliwaalika wasanii waupambe mji huo mpya. Burri alipofika, hakuvutiwa nao. Aliomba apewe magofu.

Kazi hiyo ilianza katikati ya miaka ya 1980. Vifusi vilikusanywa na kufunikwa kwa saruji nyeupe, ikawa matuta makubwa ya kimo kinachokaribia cha mtu, juu ya mteremko wa takriban mita mraba 80,000. Nyufa kati ya matuta hayo hufuata kwa kiasi kikubwa njia za mji wa kale, hivi kwamba mtu aliyeishi pale anaweza kutembea katika mtaa wake.

Fedha zilikwisha mnamo 1989, kazi ikakwama. Burri alifariki Nice, Ufaransa, Februari 13, 1995, bila kuiona ikikamilika. Sehemu iliyosalia ilimalizwa mnamo 2015, miaka 100 tangu kuzaliwa kwake.

Labda ni kweli kwamba magunia yake hayakuwa vidonda. Lakini Gibellina, mtu aliyeacha udaktari alipewa mji mzima uliojeruhiwa. Aliufunika kwa saruji, na njia zake akaziacha wazi.