Joel Sweeney: Mwalimu wa Banjo Aliyefunzwa na Watumwa

Banjo ni chombo ambacho wengi wetu hukifikiria kuwa cha Wazungu wa Marekani, wale wa kofia pana na nyimbo za mashambani. Na kule Marekani kwenyewe, kwa miaka mingi mtu akiuliza ni nani aliyeibuni banjo ya nyuzi tano, alitajiwa jina moja tu: Joel Walker Sweeney wa jimbo la Virginia. Bwana huyu alifariki zamani sana, mwaka wa 1860, lakini kisa chake kingali kinafaa kusimuliwa, maana ndani yake ukweli na uongo vimesukwa kama ukili. Ukweli ni kwamba alikuwa mwanafunzi hodari, na baadaye mwalimu aliyeifikisha banjo mbali. Uongo ni huo wa kubuni.

Sweeney alizaliwa mwaka wa 1810 katika wilaya ya Buckingham, sehemu ambayo baadaye ilikatwa ikawa wilaya ya Appomattox. Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu ya magari ya kukokotwa na farasi. Huko ni nchi ya tumbaku, na tumbaku ya siku zile ililimwa na watumwa. Kwa hiyo kijana Joel alikua akiwaona watu weusi wakitoka kazini jioni, na akisikia muziki wao usiku. Kwao ndiko alikoenda kujifunza. Wala jambo hilo halikuwa siri, kwani tangu zamani walioandika juu yake wamekubali kwamba walimu wake walikuwa watumwa. Jina la Sweeney limo vitabuni na kwenye mabango ya sarakasi. Majina ya walimu hao hayamo popote.

Banjo aliyoikuta mikononi mwao haikuwa na chuma wala skrubu. Ilikuwa kibuyu kilichokatwa upande mmoja, kikafunikwa ngozi iliyovutwa ikakaza, kikatiwa mpini wa mti na nyuzi. Msomaji aliyekwisha kuona gambusi ya pwani, au nyatiti ya Wajaluo, anaelewa mara moja ngozi hiyo hufanya kazi gani katika kukuza sauti. Daktari Hans Sloane aliviona vyombo vya namna hiyo Jamaica alikokwenda mwaka wa 1687, akaviandika katika kitabu chake cha 1707. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani na ambaye yeye mwenyewe alimiliki watumwa huko huko Virginia, aliandika katika miaka ya 1780 kwamba chombo hicho kililetwa na watu weusi kutoka Afrika. Basi hata mabwana wenyewe walijua kilikotoka, miaka mingi kabla ya Sweeney kuzaliwa.

Kilichokuwa kigumu kujifunza hakikuwa chombo bali mkono. Mpigaji wa banjo ya kale hakuzikwanyua nyuzi kwa kuzivuta juu kama mpiga gitaa wa vidole. Aliupiga uzi kwa kuushukia, akitumia mgongo wa ukucha wa kidole cha shahada, kisha kidole gumba kikafuata na kuugusa uzi mfupi ulio karibu nacho. Uzi huo mfupi hauanzii mwisho wa mpini kama wenzake, huanzia katikati, na sauti yake nyembamba haibadiliki tangu wimbo unapoanza hadi unapokwisha. Ukucha hushuka, kidole gumba hujibu. Huwezi kuupata mwendo huo kwa kutazama siku moja. Mtu hana budi kuketi na anayejua, jioni baada ya jioni, mpaka mkono uzoee. Hivyo ndivyo Sweeney alivyofanya, na hapo anastahili sifa yake.

Katika miaka ya 1830 alianza kutembea Virginia akiimba, akicheza dansi, akipiga fidla na banjo. Baadaye aliingia katika sarakasi, na mwaka wa 1839 akaipiga banjo jukwaani mjini New York. Hapa ndipo kisa kinapoingia uchungu. Sweeney alipanda jukwaani akiwa amejipaka usoni masizi ya kizibo kilichochomwa, ili afanane na mtu mweusi na kuwachekesha Wazungu wenzake. Muziki aliopewa na watumwa kwa uvumilivu aliuuza pamoja na dhihaka juu yao. Wako wanaomtetea kwa kusema kwamba ndiyo ilikuwa desturi ya wakati ule. Desturi ilikuwa hiyo kweli, lakini waliochekwa walikuwa na macho na masikio hata wakati huo.

Kazi yake ya ualimu ilianza nyumbani, kwa kumfundisha mdogo wake Sam aliyezaliwa mwaka wa 1832. Mwanafunzi wake mwingine, na huyu ndiye aliyeleta mageuzi makubwa, alikuwa Billy Whitlock, kijana ambaye kazi yake ya awali ilikuwa kupanga herufi katika kiwanda cha kupiga chapa. Whitlock alikutana na Sweeney mjini Lynchburg, Virginia, karibu mwaka wa 1838, alipokuwa akizunguka na sarakasi. Sweeney akamwonyesha mwendo wa mkono. Whitlock hakutosheka na mwalimu huyo mmoja. Binti yake alisimulia kwamba baba yake alitoroka usiku kwenda kuwasikiliza watu weusi wakiimba na kucheza. Nadhani hicho ni kipimo kizuri cha mambo yalivyokuwa: hata mwanafunzi wa Sweeney alijua chemchemi iko wapi.

Mwaka wa 1843 Whitlock na wenzake watatu waliunda mjini New York kundi lililoitwa Virginia Minstrels. Mmoja alipiga fidla, mwingine tari, mwingine mifupa ya kugonganisha, naye Whitlock banjo. Wote walijipaka masizi. Kundi hilo lilivuka bahari mwaka huo huo, na Whitlock aliporudi Marekani, Sweeney, ambaye naye alikuwa Uingereza, aliunganishwa na wenzake waliobaki, wakazunguka pamoja mwaka wa 1844. Kwa njia hiyo mapigo yaliyotoka katika vibanda vya watumwa yalisikika katika kumbi za Dublin na Edinburgh.

Sasa tuje kwenye ule uzi wa tano. Waliomsifu Sweeney walidai kuwa ndiye aliyeongeza uzi mfupi wa kidole gumba, yaani ule ule unaoipa banjo sauti yake ya pekee. Dai hilo linavunjwa na picha moja. Iko picha ya rangi za maji iliyochorwa na John Rose huko South Carolina, baina ya 1785 na 1790. Inawaonyesha watumwa wakicheza ngoma, na mmoja wao ameshika banjo ya kibuyu yenye nyuzi nne, tatu ndefu na mmoja mfupi. Sweeney alikuwa hajazaliwa. Ikiwa aliongeza uzi wowote, basi ni ule mrefu wa sauti nzito, nalo si jambo dogo, lakini si kubuni banjo. Kuna pia wanaosema kwamba yeye ndiye aliyeacha kibuyu na kutumia duara la mbao. Lililo wazi ni kwamba katika miaka ya 1840 William Boucher, mtengenezaji wa ngoma mjini Baltimore, alikuwa akiuza banjo za duara la mbao zenye skrubu za kukazia ngozi. Mwaka wa 1855 kikatoka Boston kitabu cha Tom Briggs cha kufundishia banjo, na kuanzia hapo mtu aliweza kununua chombo na mafunzo dukani bila kuonana na mtu mweusi hata mmoja.

Sweeney alifariki tarehe 29 Oktoba 1860, akiwa na umri wa miaka 50, kwa ugonjwa wa kujaa maji mwilini. Vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka uliofuata. Mdogo wake Sam alichukuliwa na Jenerali J.E.B. Stuart, kamanda wa farasi wa upande wa kusini, awe mpiga banjo wake kambini. Alipiga banjo aliyofunzwa na kaka yake, ambaye naye alifunzwa na watumwa, kuliburudisha jeshi lililopigania utumwa uendelee. Sam alikufa kwa ndui Januari 1864. Jeshi hilo la kusini lilisalimu amri tarehe 9 Aprili 1865, pale pale Appomattox, karibu na nyumbani kwa akina Sweeney.

Kuhusu asili ya chombo chenyewe, mengi yamejulikana tangu miaka ya 1980, kutokana na juhudi za Mgambia Daniel Laemouahuma Jatta. Yeye ni wa kabila la Jola, ambao wana chombo kiitwacho akonting: kibuyu, ngozi, mpini mrefu, nyuzi mbili ndefu na mmoja mfupi. Mwaka wa 2000 Bw. Jatta aliupeleka Boston, mbele ya wakusanyaji wa banjo za kale. Waliotazama mkono wake waliona ukucha ukishuka juu ya uzi mrefu, na kidole gumba kikijibu kwenye ule mfupi.